Mikono Myekundu ya Itimba

Skolastika Haule alikuwa na watoto wawili, lakini ukimuuliza alikwambia anaye mmoja.

Usimlaumu haraka. Kule Itimba, mji uliong'ang'ania juu ya milima kama kupe sikioni mwa ng'ombe, ndivyo watu walivyohesabu. Mtoto alikuwa binti. Wa kiume aliitwa msindikizaji, na hakuna aliyekusudia ubaya. Msindikizaji alilishwa, alivishwa, alipendwa; akikua alipika, alikata kuni, aliponda udongo wa madini, na akibahatika aliposwa na mwanamke mwenye mtungi mzuri. Ila kwenye hesabu ya watoto hakuingia, basi.

Kwa hiyo asubuhi ile, pale kituo cha vibehewa vya waya, mchuuzi wa chumvi aliyepanda kutoka ziwani alipouliza kwa kutafuta maongezi, "Bi mkubwa, umejaliwa watoto wangapi?" Skolastika hakufikiri hata kidogo.

"Mmoja. Leokadia. Uliza mji mzima, utaambiwa."

"Na huyu kijana?"

"Huyo pacha wake. Alimsindikiza."

Otmari akatabasamu kwa adabu, akajitwika kikapu cha chumvi begani. Alivaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye viganja, kama alivyovaa miaka yote, jua liwake, mvua inyeshe. Watu wa Itimba walimsifu kwa hilo. Kijana ana haya zake, walisema, anajua kujisitiri. Wanawake wawili watatu walikuwa wameshaulizia posa.

Mama yake yeye alikunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, na hiyo ilikuwa Julai, umande umeganda kwenye majani. Aifiche ya nini mikono ile? Ilikuwa myekundu kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, wekundu wa kutu uliozama ndani ya ngozi, usiotoka kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia. Wekundu huo haupakwi. Huletwa na miaka ya kulea chachu, na walezi wa Itimba waliutembeza barabarani kama majenerali wanavyotembeza nishani zao. Tena Skolastika alikuwa mlezi mkuu. Mchuuzi, pamoja na ugeni wake, alipoiona mikono ile alijikuta amevua kofia.

Lakini siku hiyo fahari ya Skolastika ilikuwa na mwiba ndani. Alilipia chumvi haraka akaelekea uwanjani, kwa sababu Bibi alikuwa anakufa.

Bibi hakuwa mtu. Alikuwa mtungi, mkubwa kuliko nyumba, umefukiwa nusu ardhini katikati ya uwanja na kuezekwa kwa vioo ili upate jua. Ndani yake iliishi chachu ya kwanza, ile iliyozaa chachu zote za mji. Ukiiona ungedhani ni pombe ya mtama inayochemka. Kumbe ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, wanaokula udongo mwekundu wa milima ile na kuacha chuma chini ya mtungi, mkate mzima wa chuma, mzito, safi. Hapatakiwi makaa wala mashine ya mafuta. Mafuta yenyewe yalikwisha duniani zama za nyanya zao. Kinachotakiwa ni joto la mwili na jasho la ngozi, mikono ndani asubuhi, mikono ndani jioni.

Na mikono hiyo iwe ya mwanamke. Binti akivunja ungo, mama yake humdondoshea tone moja la chachu kwenye kibuyu cha maji ya mtama, naye hukilea mpaka chachu ijae, ipate nguvu, ihamie kwenye mtungi wake mwenyewe. Mwanaume akitia mkono, chachu hugeuka nyeusi kama lami na kunuka yai viza. Hiyo si imani ya kuambiwa. Kila mtu Itimba alikuwa ameiona kwa macho yake, maana kizazi hakikosi mpumbavu mmoja wa kujaribu. Mpumbavu wa kizazi hiki alikuwa Gaudensi Mtweve, mwenyekiti wa wapondaji wa udongo, ambaye ujanani alitia mkono kwenye mtungi wa dada yake na kuua chachu ya mwaka mzima. Hakusahauliwa. Mpaka na mvi zake, wasichana walipokutana naye njiani waliziba pua na kucheka.

Ndiyo maana Itimba mwanamke akipita, mwanaume alisimama kando ya njia. Tumbo la mwanamke linazaa, walisema, na mikono yake inazaa chuma. Mwanaume anazaa nini?

Sasa baridi ya mwaka ule ilikuwa imepenya mpaka ndani ya mitungi. Mmoja baada ya mwingine ilikuwa imegeuka myeusi, na Bibi naye alikuwa ameanza, doa jeusi limetanda kutoka ukingoni kwenda katikati. Walezi walijaribu kumlisha kwa vibuyu vyao vya akiba, kila kibuyu kikafia njiani. Walikuwa wamesimama uwanjani, wanawake wazima wenye mikono myekundu, wanalia bila kujificha.

Skolastika akafungua mfuko aliotoka nao nyumbani, akatoa kibuyu kimoja, akang'oa kizibo.

Povu jekundu likafoka. Harufu yake ilikuwa ya pombe ya mianzi, ulanzi wa siku ya pili, tamu na kali kidogo, harufu ya uzima.

"Cha nani?" Ostakia akapaza sauti. Huyu alikuwa rafiki wa Skolastika tangu utotoni na mpinzani wake tangu utotoni vilevile.

"Cha nani tena? Cha Leokadia! Leo alasiri binti yangu atamlisha Bibi."

Vigelegele vilipasua hewa. Wanawake wakamkumbatia, wakamtemea mate ya baraka kifuani. Wewe Skola umezaa, waliambizana, hilo ndilo tumbo. Hata Ostakia akasema, ingawa kwa kuuma meno, "Mama Leokadia, leo nakuvulia kilemba." Skolastika akarudi nyumbani kichwa juu, kibuyu kifuani, na moyo umejaa hadi ukingoni.

*

Leokadia alikuwa ametoka kwenye waya. Alipenda kupanda nguzo na kutia grisi magurudumu ya vibehewa, kazi ya wanaume iliyoifunika mikono yake kwa grisi nyeusi siku zote hadi viwikoni, na mama yake aliivumilia kwa kuwa kibuyu cha binti huyo hakikuwa na mfano. Aliposikia habari za uwanjani alikaa chini kwenye kigoda cha jikoni, hakuinuka.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini? Utafunikwa kitenge kama desturi, utatia mikono, utakaa mpaka Bibi apokee. Umeona nikifanya mara ngapi?"

"Kibuyu si changu."

"Ala! Ni cha nani kama si chako?"

Leokadia akamtazama kaka yake, aliyekuwa anasonga ugali jikoni pale pale. Otmari akaweka mwiko chini. Akafungua vifungo vya shati kwenye viganja, kimoja, kingine, akakunja mikono polepole mpaka juu ya viwiko.

Skolastika alisogea karibu aitazame mikono ile.

Ilikuwa myekundu. Ilikuwa myekundu kuliko yake, wekundu ulioiva, uliofika kiwikoni na kukipita. Maisha yake yote alikuwa hajaona mlezi wa umri ule mwenye mikono kama ile, na ilikuwa na vinyweleo vya kiume.

"Tangu lini?" Skolastika akauliza.

"Tangu wiki ile ile uliyonipa kibuyu," Leokadia akasema. "Nilitia mikono mara mbili, mama, nikaona kichefuchefu. Nilitaka kwenda kwenye nguzo. Niliogopa kukwambia. Otmari akasema lete nikusaidie, na mimi nikampa."

"Na wewe ukatia mikono yako ya kiume ndani ya chachu!"

"Mama," Otmari akasema kwa upole ule ule ambao watu waliuita haya, "lilikuwa tone moja tu. Lilikuwa halijamjua mtu bado."

"Uongo. Ingekufa."

"Jaribuni basi. Nyote wawili."

Akammiminia dada yake kidogo kwenye bakuli. Leokadia akachovya kidole, na hapo hapo povu likarudi nyuma, mstari mweusi ukajichora kuzunguka kidole kile. Otmari akatia kiganja chake, akatulia, akavuta pumzi taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto. Weusi ukafutika. Chachu ikapanda mpaka kwenye kiwiko chake ikitoa mapovu madogo madogo.

Skolastika hakungoja kukaribishwa. Akatia mkono wake, mkono wa mlezi mkuu wa Itimba, mkono uliokuwa umelea mitungi tangu akiwa msichana na haukuwahi kukataliwa na chachu yoyote.

Ikamkataa. Ikageuka nyeusi kwenye vidole vyake, ikatoa harufu ya yai viza, harufu ya Gaudensi.

Alikaa sakafuni bila kujali vumbi. Akilini mwake hadithi ya zamani ilikuwa inajigeuza upande wa pili, hadithi aliyoisimulia kwa fahari kila sikukuu: jinsi wanaume wa Itimba walivyokwenda pwani kuchimba matone ya mwisho ya mafuta, na daktari mgeni akafika na chupa ya wadudu wake, akaikabidhi kwa nyanya yake Nolaska na wenzake. Siku zote alisimulia kwamba daktari aliwachagua wanawake. Sasa aliona kwamba daktari hakuchagua. Aliwapa waliokuwepo. Chachu ikajifunza ngozi zilizoilea, mama akampa binti, binti akampa binti yake, na wanaume walipokuja kujaribu, waliikuta imeshakuwa na wenyewe. Walichokiona ni kweli tupu, ila kilikuwa kimefinyangwa, na waliokifinyanga ni wao wenyewe.

"Mtoto umleavyo," Skolastika akanong'ona, na hakumalizia.

Kisha hasira ikamrudia, na chini ya hasira palikuwa na woga. "Mnajua mmenifanya nini? Nyanya yangu Nolaska alipofiwa na mume alirithiwa na shemeji yake, yeye, mbuzi na masufuria, vyote siku moja. Hakuulizwa. Mitungi ndiyo iliyomfanya aulizwe! Gaudensi akijua mwanaume anaweza, kesho atakuja uwanjani na wapondaji wake, mabega kama milango. Watasema, kumbe mlitudanganya. Watachukua mitungi, na sisi watatuambia turudi jikoni."

Otmari akautazama mwiko aliouweka chini.

"Usinitazamie mwiko wewe!"

"Sijasema neno, mama."

"Unasema kwa macho."

Leokadia akacheka bila kutaka, akaziba mdomo. Otmari akachuchumaa mbele ya mama yake. "Chachu inamfuata aliyeilea. Nikimimina kibuyu bila mikono yangu kuwemo, itafia kwa Bibi kama zile nyingine. Lazima niingie mimi. Lakini nitafunikwa kitenge. Kimo changu na cha Leokadia ni kimoja. Nitamlisha Bibi, nitarudi nitaosha vyombo, hakuna atakayejua. Ukiamua hivyo, nitafanya hivyo kwa moyo wote. Kwenye kutaja jina la mlishaji mbele ya mji, mtajaji ni wewe. Mimi sikuchagulii jina."

"Nitataja jina la dada yako."

"Sawa, mama."

Angebisha ingekuwa afadhali. Ile "sawa" yake ilimkaa Skolastika kooni kama mwiba wa samaki.

"Huumii?" akauliza.

"Ninaumia." Alisema hivyo tu kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kila sikukuu nasimama nyuma na wasindikizaji, naona kibuyu changu kinavishwa shanga, wanawake wanamsifu Leokadia, na mimi napiga makofi. Nawapigia kweli. Halafu nikirudi nyumbani nakunja mikono ya shati mbele ya kioo. Sitaki kuwa mwanamke, mama, na sitaki kuchukua mtungi wa mtu. Mimi ni mlezi. Sijui jina jingine la kujiita."

*

Alasiri mji wote ulikuwa uwanjani. Walezi mbele, mikono nje. Wasichana wa vibuyu nyuma yao. Wanaume pembeni kwenye ukuta, kofia mkononi, na Gaudensi Mtweve katikati yao akiegemea gongo la kutolea chuma. Leokadia alijificha nyuma ya nguzo ya mwisho, amejitanda shuka. Doa jeusi lilikuwa limebakiza wekundu wa kiasi cha sinia moja tu katikati ya Bibi.

Otmari akaingia amefunikwa kitenge kuanzia utosini hadi magotini. Ndiyo desturi. Siku ya kulisha mlezi hufunikwa uso, kwa sababu Bibi hana haja ya uso, anaonja ngozi tu. Akapanda ngazi za mtungi, kibuyu mkononi, akapiga magoti ukingoni, akaitoa mikono yake nje ya kitenge.

Uwanja ukaguna.

"Tazameni mikono hiyo!"

"Yesu na Maria! Imepita viwiko!"

"Mama Leokadia, hukusema kama umetuletea hiki!"

Bibi kizee mmoja alilia kwa furaha waziwazi. Sifa zilimiminika uwanja mzima, na Skolastika, aliyesimama kando ya ngazi, alizisikia zikimwagikia mtu asiyekuwepo. Alijivunia mpaka kifua kikamuuma. Hajawahi kujivunia hivi, si siku aliyopewa ulezi mkuu, si siku yoyote. Na papo hapo akatambua kwamba anajivunia mtu ambaye leo asubuhi, mbele ya mchuuzi wa chumvi, hakumhesabu.

Ostakia ndiye aliyeongoza kutaja. Akapiga upatu. "Nani anamlisha Bibi?"

Skolastika akafungua mdomo. Jina la Leokadia lilikuwepo kwenye ulimi, tayari, jepesi. Akawatazama wasichana wa vibuyu. Akilini akamwona nyanya yake Nolaska akihesabiwa pamoja na mbuzi. Akafumba mdomo.

"Nani anamlisha Bibi?" Upatu wa pili. Watu wakaanza kutazamana. Ukipigwa wa tatu mlezi mkuu akiwa kimya, kulisha huvunjika na mlezi hushuka.

"Nani anamlisha Bibi?"

"Otmari!" Sauti yake iligonga vioo vya paa. "Otmari, mwana wa Skolastika, mwana wa Desderia, mwana wa Nolaska! Mwanangu wa kiume! Mfunueni!"

Kitenge kikaanguka, na Otmari akabaki amepiga magoti mbele ya mji mzima na kidevu chake chenye ndevu za siku mbili. Kelele zilizoinuka hazielezeki. Wengine walipiga mayowe, wengine walikimbilia ngazi wamtoe. Skolastika akapanua mikono yake myekundu akaziba njia.

"Mwanaume!" Ostakia alifoka. "Skola, mwanaume kwa Bibi! Umerogwa?"

Na kutoka ukutani Gaudensi akacheka, kicheko kilichongoja miaka mingi. "Nilisema! Nilisema tangu ujana wangu! Si ya wanawake! Wenzangu, si mmesikia? Mitungi ni yetu pia, walituzuga!" Wapondaji wakasogea hatua moja mbele.

"Bwana Gaudensi," Skolastika akasema, "njoo hapa."

Aliita kwa adabu kabisa, na pengine hiyo ndiyo iliyomponza Gaudensi. Alikuja. Skolastika akamimina chachu ya Otmari kidogo kwenye bakuli, akaliinua. "Hii imelelewa na mwanaume mwenzako tangu tone la kwanza. Hakuna mwanamke aliyeigusa ikastawi. Tia mkono."

Gaudensi akatazama pande zote, akatia mkono kwa kishindo. Chachu ikageuka nyeusi, na ile harufu ikapanda, harufu aliyoijua kuliko mtu yeyote pale. Hakuna aliyeziba pua. Hakuna msichana aliyecheka, kwa kuwa Skolastika alikuwa amemimina bakuli la pili, na sasa alikuwa anautia mkono wake mwenyewe, taratibu, mbele ya macho yao wote.

Ikawa nyeusi vilevile.

Akaunyanyua mkono ule juu ili wa nyuma waone, mkono wa mlezi mkuu, unadondosha lami.

"Mmeona? Imemkataa yeye na imenikataa mimi. Haikuuliza nani ana ndevu na nani ana matiti. Inauliza nani aliamka. Kila harusi tunaimba kuzaa si kazi, kazi kulea. Tunaimba tu? Huyu aliamka kila siku, akajificha, akalea, na mimi mama yake nikala sifa zake!"

"Na mabinti zetu?" Ostakia sasa hakuwa anafoka. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Skola, hii ndiyo heshima pekee tuliyonayo. Ukiitoa, mabinti zetu watabaki na nini?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na Skolastika alikuwa ameliuliza jikoni kabla yake. "Watabaki na mikono yao, Ostakia. Sisi tulisema heshima iko tumboni, kumbe tuliitolea jasho. Jasho hamna wa kulirithi kwa mabavu." Akamgeukia Gaudensi. "Bibi akipona, tone lako lipo, na la kila kijana atakayetaka. Mikono asubuhi, mikono jioni, mpaka iwe hivi. Mtungi uliolelewa na mwenzako ukiunyang'anya utakufia, umejionea mwenyewe leo mara ya pili. Njia ni ile tuliyopita sisi. Ya mkato haipo."

Gaudensi aliutazama mkono wake mweusi. Wapondaji nao walikuwa wamesimama pale pale walipofikia. "Na kwa umri huu?" akauliza, na sauti yake haikuwa na kicheko tena.

"Kwa umri huo huo, kaka. Ukiweza kuamka mapema."

Mtu mmoja akacheka, kicheko cha kawaida, na uwanja ukapumua.

"Mimi kibuyu sikitaki!" ikasikika sauti kutoka nguzo ya mwisho. Leokadia alikuwa ameitupa shuka, amesimama na ovaroli lake la grisi. "Nasema mapema msije mkanipangia. Kibuyu kilikuwa cha kaka yangu tangu mwanzo. Mimi ni fundi wa waya, tena fundi mzuri. Chuma chenu kinafika ziwani kwa ajili yangu!"

"Basi na wewe toka nyuma ya hiyo nguzo kwanza," Ostakia akamjibu, akajifuta machozi kwa mkono wake mwekundu. Akamtazama Otmari kwa muda mrefu, mikono ile, viwiko vile. Kisha akaushika upatu. "Sinia lile la wekundu linazidi kupungua, jamani. Tutabishana akishamaliza. Mlishe, mwanangu."

Otmari akamimina kibuyu, akaizamisha mikono mpaka mabegani.

Walingoja. Bibi hakutoa sauti. Weusi ulimzunguka Otmari pande zote, ukasogea, ukamgusa ngozi, na Skolastika akaona taya la mwanawe likikaza. Lakini Otmari alifumba macho akaanza kunong'ona, maneno ya kipuuzi yale ambayo kila mlezi hukiambia kibuyu chake asubuhi, habari za mvua, za jirani, za ugali ulioungua. Aliongea na Bibi hivyo mpaka jua likahama kwenye kioo kimoja cha paa na kuingia kingine. Wanawake waliyajua maneno yale. Mmoja akaanza kunong'ona naye, kisha mwingine, kisha walezi wote.

Povu moja likapanda, jekundu. Likapasuka. Likapanda la pili. Halafu kutoka chini kabisa ya mtungi ukaja mgugumio kama chungu cha maharage kinapoanza kuchemka, na wekundu ukatambaa kutoka kwenye mikono ya Otmari, ukala weusi, ukafika ukingoni. Harufu ya ulanzi ikaufunika uwanja.

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Ostakia. "Mama Otmari!" alipiga kelele, akamrukia Skolastika shingoni. "Mama Otmari, umezaa!"

*

Baada ya kulisha, mlezi hurudi nyumbani kwa miguu kupitia barabara kuu, mikono wazi, na mama yake hufuata nyuma akibeba kibuyu. Mlezi hageuki nyuma siku hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Nolaska na wote waliofuata, na ndivyo ilivyokuwa jioni ile kwa Otmari. Alikuwa ameichana mikono ya shati kuanzia mabegani akaitupa. Wanaume walisimama kando ya njia kumpisha, kisha wakakumbuka, wakacheka, wakaanza kupiga makofi. Wanawake hawakucheka wala kupiga makofi. Waliinua mikono yao myekundu juu, kama wanavyosalimiana wenyewe kwa wenyewe.

Pale kituo cha vibehewa mchuuzi wa chumvi alikuwa anafunga mizigo yake. Alimtazama Otmari akipita, akamtazama Skolastika.

"Bi mkubwa, huyu si yule msindikizaji wa asubuhi?"

Skolastika akasimama. "Asubuhi uliniuliza jambo, nikakujibu vibaya. Niulize tena."

Mchuuzi akajikuna kichwa. "Nilikuuliza, umejaliwa watoto wangapi?"

"Wawili," akasema, kwa sauti ile ya uwanjani. "Leokadia ni fundi. Na huyo mbele yangu ni Otmari, mlezi wa Bibi."

Otmari hakugeuka, maana mlezi hageuki. Lakini alipunguza hatua zake, akatembea polepole, mpaka mama yake akamfikia.